Usihifadhi Faili Kabla Hujajua Herufi Zimepotelea Wapi

Katika mwezi wa Aprili, ambao kwetu Tukuyu ni mwezi wa mvua isiyotofautisha asubuhi na jioni, alinijia mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Masoko, flashi yake ameifunga katika mfuko wa nailoni na mfuko ameutia ndani ya kofia, akaiweka mezani pangu taratibu kama awekaye yai, kisha akasema, "Mwanangu, kazi yangu ya miezi mitatu imegeuka alama za kuuliza." Ndani ya flashi ile mlikuwa na mafaili mawili: moja la methali za Kinyakyusa alizozikusanya kwa wazee, na jingine la nakala za barua za marehemu babu wa mkewe, mtu wa pwani aliyepanda huku nyanda za juu kwa biashara, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo mpwa wake aliyeko Unguja alizinakili katika kompyuta herufi kwa herufi.

Nilimpa pole, na kabla ya jambo lo lote nikamwuliza, "Mwalimu, kuna mtu aliyeyahifadhi mafaili haya tangu yaonekane hivi?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba faili la methali halikuguswa, walakini lile la barua kijana mmoja wa steshenari alikuwa amelitengeneza. Neno hilo la kutengeneza lilinitia hofu, na hofu yangu ilikuwa na haki yake, maana faili la methali lilipona kwa muda wa robo saa bila ya kubadilishwa hata nukta, bali la barua halikupona.

Makala haya nimewaandikia watu walio mfano wa mwalimu yule, nao katika wilaya ya Rungwe si haba: wanaokusanya maneno ya wazee, wanaofasiri masomo ya kanisani, wanaonakili hati za kale, na ambao, kwa sababu kompyuta zao ni kuukuu au kwa sababu mjukuu aliyesoma amewatilia Linux, huandika katika dirisha la amri, ambalo mafundi huliita terminali, kwa vihariri kama Nano, Vim au Emacs. Watu hawa wamerithi miandiko miwili. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na Kinyakyusa kikaandikwa kwa herufi za Kirumi. Lakini Kiswahili kilikuwa na mwandiko wake wa Kiarabu tangu zamani, na Wajerumani wenyewe, ambao mji wetu huu waliuita Neu-Langenburg, waliona kuwa hawana budi kuujua, hata C. G. Büttner akatoa mwaka 1892 mkusanyo wa hati za Kiswahili za herufi hizo, na Carl Velten akatoa mwaka 1901 kitabu cha kuufundisha mwandiko huo. Hati za namna hiyo zimo bado masandukuni mwa watu, na wenye kuzitia katika kompyuta wanafanya kazi ya thamani ambayo haifai kupotea kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Jambo la kwanza la kulifahamu, nalo ndilo shina la yote nitakayosema, ni kwamba faili linaloonekana vibaya si lazima liwe limeharibika. Kompyuta haihifadhi sura ya herufi. Huhifadhi namba, na sura hutengenezwa upya kila mara unapolifungua faili, kwa kupita mikononi mwa watumishi kadha wa kadha, ambao ni kihariri, mpangilio wa lugha, njia ya kwenda kwenye seva kama ipo, terminali, na mwisho fonti. Mtumishi mmoja akikosea, macho yako yataona upuuzi ilhali namba zimelala salama mahali pake. Ukihifadhi katika hali hiyo, hasa ukiwa umefuta na kurekebisha, ndipo kosa la macho linapoandikwa katika faili likawa hasara ya kweli. Kwa hiyo uonapo upuuzi, toka bila ya kuhifadhi: katika Vim andika :q! na katika Nano bonyeza Ctrl na X kisha ujibu hapana. Halafu fanya nakala ya faili, uiweke kando, usiiguse.

Namba zenyewe zimeandikwaje? Tangu mwaka 1991 kuna daftari la ulimwengu liitwalo Yunikodi, ambalo linakusudia kuipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake. Na mwezi wa Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni namna ya kuziandika namba hizo katika baiti, iitwayo UTF-8, ambayo leo ndiyo desturi ya karibu dunia nzima. Katika UTF-8 herufi za Kiingereza, ambazo ndizo pia za Kiswahili cha kawaida, huchukua baiti moja kila moja, na ndiyo maana mtu aweza kuandika Kiswahili miaka kumi katika kompyuta iliyopangwa ovyo asione dalili yo yote ya ugonjwa. Lakini Kinyakyusa kina irabu saba, si tano, na wanaotaka kuziandika zote huongeza ɨ na ʉ, kila moja ikiwa na baiti mbili. Na herufi za Kiarabu kadhalika ni baiti mbili kila moja. Herufi hizi ndizo za kwanza kuugua.

Chukua neno ʉmʉndʉ, yaani mtu. Jicho linahesabu herufi sita, walakini faili lina baiti tisa, na jambo hilo dogo latosha kukupa kipimo cha kumkamata mkosaji. Andika katika terminali:

printf 'ʉmʉndʉ' | wc -c

nawe utapata 9. Kisha badili c ya mwisho iwe m, ambayo huhesabu herufi badala ya baiti. Ukipata 6, kompyuta yako inafahamu UTF-8. Ukipata 9 tena, haifahamu, na kila baiti inaihesabu kuwa herufi peke yake. Kompyuta ya mwalimu ilijibu 9 mara zote mbili, na hapo nikajua, kabla sijafungua faili lenyewe, kwamba ugonjwa haumo katika methali.

Hata hivyo nilipenda kuyakinisha, nawe ufanye vivyo hivyo. Amri ya hexdump -C methali.txt | head huonyesha baiti zenyewe, bila ya fonti wala mpangilio wa lugha kuingilia kati, kwa namba za msingi wa kumi na sita. Neno letu hutokea hivi: ca 89 6d ca 89 6e 64 ca 89. Ukiona jozi ya ca 89 kila mahali pa ʉ, na c9 a8 kila mahali pa ɨ, mshukuru Mungu, faili lako ni zima. Na kama faili ni refu, andika iconv -f UTF-8 -t UTF-8 methali.txt > /dev/null. Amri hii ikinyamaza, faili zima limeandikwa kwa UTF-8 sahihi, na ikilalamika itakutajia mahali ilipokwama. Iko amri nyingine, file -i, ambayo wengi huitegemea. Mimi huitumia, lakini hubahatisha tu kwa kutazama baiti, na ushahidi wake haufai kuwa ushahidi wa pekee.

Faili likiwa zima, kagua mpangilio wa lugha na mahali, ambao mafundi huuita lokali. Andika locale charmap. Jibu linalotakiwa ni UTF-8. Mwalimu alipata ANSI_X3.4-1968, ambalo ni jina la kipimo cha zamani cha Kimarekani chenye nafasi 128 tu, ambazo hazitoshi hata kwa Kifaransa, seuze Kinyakyusa. Chini ya kipimo hicho amri ya less huonyesha ʉ kama <CA><89>, na majina ya mafaili yenye herufi hizo hayaonekani sawasawa. Dawa ya haraka katika Debian na Ubuntu ni kuandika export LC_ALL=C.UTF-8, kisha kukifungua kihariri upya, maana kihariri kilichokwisha kufunguliwa hakitanabahi kwamba mambo yamebadilika. Dawa ya kudumu ni sudo dpkg-reconfigure locales, ambako katika orodha ndefu utaikuta sw_TZ, lokali ya Kiswahili cha Tanzania. Ichague, uifanye kuwa ya kawaida, utoke na kuingia tena. Tahadhari moja: usiandike jina la lokali kwa kukisia. Jina lisilokuwamo katika orodha ya locale -a halileti UTF-8 hata kama limebeba neno UTF-8 mkiani mwake. Programu huliacha na kurudi katika kile kipimo cha 1968. Nimewaona watu wenye ujuzi mwingi wakipoteza siku nzima kwa sababu hiyo.

Iwapo unaandika katika seva iliyo mbali, kuna lokali mbili, ya kwako na ya kule, na kila moja yapasa ikaguliwe. Mwenye kutumia PuTTY atazame sehemu iitwayo Translation, achague UTF-8; mwenye kutumia tmux aifungue kwa tmux -u, na mwenye screen kwa screen -U. Hapa sina mengi ya kuongeza.

Fonti ni habari nyingine, nayo ina alama yake bayana: vijisanduku vitupu, kimoja kwa kila herufi. Ukiona vijisanduku furahi, kwa kuwa kompyuta imekwisha kuifahamu herufi na imekosa sura yake tu. Andika fc-list :charset=0289, nawe utaorodheshewa fonti zote ulizonazo zenye ʉ; DejaVu Sans Mono ni mojawapo, nayo yafaa kwa terminali. Lakini ile terminali tupu ya Linux, yenye kutokea kwa Ctrl, Alt na F3 bila ya dirisha lo lote, haiwezi kubeba sura zaidi ya 512 kwa wakati mmoja, na Kiarabu ndani yake usikitafute.

Ndani ya kihariri chenyewe, Nano hufuata lokali na haina la kuuliza. Vim ina akili yake: andika :set encoding? fileencoding? ili ikuambie inavyofikiri, na ikiwa imelisoma faili la UTF-8 kwa kipimo kingine, amri ya :e ++enc=utf-8 huisomesha upya bila ya kuandika kitu. Weka kielekezi juu ya herufi unayoishuku, bonyeza g8, utaonyeshwa baiti zake. Bonyeza ga, utaonyeshwa namba yake. Amri hizi mbili zilitufichulia jambo lingine katika faili la mwalimu, kwamba pengine aliandika ʉ na pengine ʊ, ambayo ndiyo herufi waipendayo wanaisimu kwa sauti ile ile. Namba zao zimefuatana, 0289 na 028A, na katika fonti ndogo jicho la mzee haliwezi kuzitenga. Lakini ukitafuta neno kwa moja hutalipata lililoandikwa kwa nyingine. Wengine huandika i ya kawaida na kuipachikia mstari unaoelea, wakadhani wameandika ɨ. Sura ni ile ile, namba ni mbali, na hakuna amri ya kawaida ya kusawazisha itakayoziunganisha, kwa kuwa Yunikodi haihesabu ɨ kuwa i yenye pambo. Chagua mwandiko mmoja ukurasa wa kwanza, uushike mpaka wa mwisho.

Sasa nije kwenye herufi za Kiarabu, ambako taabu ni kubwa zaidi, kwa sababu hata namba zikiwa salama, lokali sawa na fonti kamili, bado kuna mambo mawili ambayo terminali haikuzaliwa nayo: kuandika toka kuume kwenda kushoto, na kuziunganisha herufi. Terminali hugawa kioo katika vyumba vilivyo sawa, ikitia herufi moja chumba kimoja, kuanzia kushoto. Kwa hiyo neno سلام hutokea limepinduka, herufi zake zimetengana kama watu waliogombana, na asomaye mwandiko huu tangu utoto hulitazama asilitambue. Hapa ndipo wengi huingia katika ghalati isiyo na marejeo: huziandika herufi kwa kinyume, ya mwisho kwanza, ili zionekane sawa kwenye kioo chao. Usifanye hivyo kabisa. Namba katika faili zapasa kufuatana kama ulimi unavyotamka, sini kwanza, kisha lamu, alifu na mimu, na kazi ya kupindua ni ya mwonyeshaji. Faili lililoandikwa kinyume litaonekana zuri katika kompyuta moja tu duniani.

Tafuta badala yake terminali ijuayo kazi hiyo. Mlterm iliundwa kwa ajili ya miandiko mingi, Konsole huweza, na terminali ya GNOME nayo ilijaliwa uwezo huo mwaka 2019. Ukitumia Vim ndani ya terminali ya namna hiyo, andika :set termbidi, ili Vim iiachie terminali kazi ya kupindua. Ukiwa katika terminali isiyojua, andika :set arabic, nayo Vim itapindua dirisha zima na kuunganisha herufi, ila maneno ya Kirumi yaliyochanganyika humo yataonekana kinyume. Emacs hupindua yenyewe tangu toleo la 24 la mwaka 2012. Linalotakiwa ni mpinduaji awe mmoja. Wakiwa wawili, kihariri na terminali, neno hupinduliwa mara mbili likarudi pale pale lilipokuwa, nawe utadhani hakuna aliyefanya kazi.

Nirudi kwenye mafaili ya mwalimu. Lile la methali lilikuwa na nakala ya pili, ambayo jamaa yake mmoja aliifungua katika kompyuta ya Windows, akaona Ê‰mÊ‰ndÊ‰ mahali pa ʉmʉndʉ, akahifadhi hivyo hivyo. Hapo baiti mbili za ʉ ziligeuka tano, na faili sasa lilikuwa na Ê na ‰ za kweli. Hata hali hii ina tiba, kwa kuwa hakuna kilichotupwa, kila kitu kimefasiriwa mara moja zaidi ya inavyotakiwa, na dawa ni kufasiri kinyume chake:

iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 nakala.txt > nakala-mpya.txt

Jina la faili jipya liwe tofauti na la zamani. Ukitumia jina moja utalifuta kabla halijasomwa. Tuliifungua nakala-mpya, na methali zote zikawa pale, na mwalimu akasoma mbili kwa sauti akisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana.

La barua tulilifungua mwisho. Yule kijana, kwa nia njema, naamini, aliona vijisanduku na herufi zilizopinduka, akadhani faili linahitaji kipimo cha Kiarabu, akaligeuza kwa iconv kwenda WINDOWS-1256, ambacho ni kipimo cha zamani cha Windows kwa Kiarabu. Kipimo hicho kina پ ya sauti ya p, kina چ ya ch, kina گ ya g. Lakini ڤ, ambayo mpwa wa mwalimu aliiandikia sauti ya v, hakina, wala hakina zile alama ndogo alizozitumia kutenga e na i, na o na u. Amri ya iconv ilikataa, kama ipasavyo, ikasema mahali ilipokwama. Kukataa kule kulikuwa rehema. Kijana akaongeza neno //TRANSLIT ili amri ikubali, nayo ikakubali, ikaandika kiulizo mahali pa kila herufi isiyokuwa na nafasi, na faili la asili akalifunika kwa lile jipya. Tulipotazama kwa hexdump, tukakuta 3f, 3f, 3f, na 3f ni kiulizo halisi, ambacho hakikumbuki kilikuwa nini. Neno nguvu lina kiulizo katikati. Majina ya watu yana viulizo viwili vitatu, wala hakuna wa kusema kama kilichopotea ni v, au e, au o.

Ndugu msomaji uliye na hati kama hizi, iwe Kyimbila, Busokelo au pwani, nakuomba: nakili kwa UTF-8, weka nakala mbili mahali pawili, na mtu akikwambia atalitengeneza faili lako, mpe nakala, usimpe asili. Amri ikikataa, isome inavyosema kabla ya kuilazimisha.

Karatasi zenyewe, kwa bahati njema, ziko bado Unguja kwa yule mpwa. Ameanza kuzinakili upya, na mpaka wiki iliyopita alikuwa amefikia barua ya nne.